Namna ya Kulinganisha Sura ya Nchi Kavu na Sura ya Sakafu ya Bahari kwa Mstari Mmoja, kutoka Kibo hadi Handaki la Java

Msafiri anayevuka kwa boti kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam na msafiri anayevuka kutoka Wete kwenda Tanga huona bahari moja: maji, upepo na mstari wa pwani unaofifia nyuma yao. Chini yao, hata hivyo, mna nchi mbili tofauti. Mkondo unaotenga Unguja na bara ni wa kina kidogo, kwa sehemu kubwa mita 30 hadi 50 tu, kiasi kwamba mahali pengi minazi miwili mirefu ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine ingekanyaga sakafu na kilele kikachomoza juu ya maji. Mkondo wa Pemba hushuka hadi kiasi cha mita 800. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niache kufundisha milima na mabonde katika muhula mmoja na sakafu ya bahari katika muhula mwingine, kwa sababu mwanafunzi anayesoma mambo haya mbali mbali huondoka skuli akiamini kwamba ufuo ndio mpaka wa dunia mbili, na ramani yenyewe inamkanusha.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kulinganisha maumbile makubwa ya uso wa dunia, ya juu ya maji na ya chini yake, kwa kuchora mkato mmoja, yaani mchoro wa sura ya ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu na kutazamwa kwa upande, unaoanzia kilele cha Kibo mlimani Kilimanjaro, unaopita Tanga na Pemba, unaovuka Bahari ya Hindi karibu na latitudo ya digrii 5 kusini, na unaoishia kwenye handaki la bahari lililo mbele ya visiwa vya Sumatra na Java. Nimeuchagua mstari huu kwa sababu unapita karibu kila aina ya umbile linalostahili kulinganishwa, na pia kwa sababu mwanafunzi wa Kizanzibari hujifunza vizuri zaidi mstari unapopita mlangoni kwao.

Vifaa na takwimu

Vifaa ni vichache. Zinahitajika karatasi tatu za miraba za ukubwa wa A4, zilizounganishwa kwa urefu ili zifanye utepe mmoja wa karibu sentimita 90, pamoja na penseli iliyochongwa vyema, rula, na atlasi yenye ramani ya bahari au kompyuta yenye intaneti. Programu ya Google Earth huonyesha urefu au kina cha mahali unapoweka kiashirio, nayo inatosha kwa kazi hii. Anayetaka takwimu za uhakika zaidi apakue bure ramani za GEBCO, mradi wa kimataifa wa ramani za kina cha bahari ulioanzishwa mwaka 1903 chini ya Mwanamfalme Albert I wa Monaco.

Kabla ya kunakili tarakimu yoyote ya kina, ni lazima kujua imepatikanaje. Wazee wetu wa baharini walitumia bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba, wakahesabu kina kwa pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Meli ya Kiingereza Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876, ilifanya kazi hiyo hiyo kwa kamba ndefu zaidi, na kila kipimo kimoja cha kilindini kiliwachukua mabaharia saa nyingi. Siku hizi meli hutuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake. Sauti husafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 6, sauti imekwenda mita 9,000 kwa safari ya kwenda na kurudi, na kina ni nusu yake, mita 4,500. Mwanafunzi afanye hesabu hii mara tatu nne kwa nambari tofauti, maana kosa la kusahau kugawa kwa mbili hujirudia kila mwaka.

Ni kiasi cha robo tu ya sakafu ya bahari za dunia iliyopimwa kwa mwangwi kwa undani. Sehemu iliyobaki imekadiriwa kwa setilaiti zinazopima usawa wa uso wa maji, kwa kuwa mlima mkubwa wa chini ya bahari huyavuta maji kuelekea kwake na kuyafanya yainuke kidogo juu yake. Ukadiriaji huo unaonyesha milima mikubwa vizuri na kuiacha midogo. Kwa sababu hiyo, kina cha bahari kuu kiandikwe kwa tarakimu za duara, na usitoe jibu lenye mita na sentimita kama kwamba umeshuka mwenyewe na utepe.

Kuweka sifuri

Urefu wa mlima hupimwa kutoka usawa wa wastani wa bahari. Ramani za mabaharia hazifanyi hivyo. Kina kinachoandikwa humo hupimwa kutoka kwenye maji ya chini kabisa ya kupwa, ili nahodha asidanganyike akapanda mwamba. Pwani ya Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4, kwa hiyo sifuri ya mwanajiografia na sifuri ya nahodha zinapishana kwa karibu mita 2. Kwenye kilindi cha mita 5,000 tofauti hiyo haina maana yoyote, lakini kwenye maji ya Chwaka au Menai, ambako eneo kubwa hukauka maji yakitoka, mita 2 ndizo zinazoamua kama mahali hapo utapaita nchi au bahari. Chagua sifuri moja, usawa wa wastani wa bahari, uchore mstari wake kwa wino katikati ya utepe, na usiuhamishe tena.

Kuchagua vipimo, na uongo unaotokana navyo

Kwa mlalo, sentimita 1 iwakilishe kilomita 100. Kwa wima, sentimita 1 iwakilishe mita 1,000. Kibo chenye mita 5,895 kitasimama karibu sentimita 6 juu ya mstari, na sakafu ya bahari kuu italala sentimita 4 hadi 5 chini yake, na mkato wote utaonekana mzuri sana. Ni uzuri wa bandia, na mwanafunzi asipoambiwa hivyo mapema kila ulinganisho atakaoufanya utaharibika.

Hesabu ni hii. Kilomita 100 ni mara 100 ya mita 1,000, kwa hiyo wima umekuzwa mara 100 kuliko mlalo. Kama tungetumia kipimo kimoja pande zote mbili, Kibo kingekuwa na urefu wa milimita 0.6, na bahari yenye kina cha mita 5,000 ingekuwa nusu milimita, yaani unene wa mstari wa penseli. Uso wa dunia, milima na vilindi vyake pamoja, ungeingia ndani ya alama moja isiyoonekana vizuri kwa mtu aliyesahau miwani yake nyumbani.

Ukuzaji huu huongeza mteremko kupita kiasi. Mteremko wa bara, ule unaoshuka kutoka ukingo wa bara hadi kilindini, kwa wastani huwa wa digrii 4 tu duniani kote, ambao ni wima 1 kwa mlalo wa 14 hivi. Ukikuzwa mara 100, wima unakuwa 7 kwa mlalo wa 1, na pembe inakuwa karibu digrii 82, kama ukuta. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza niliowachoresha mkato huu bila kuwaeleza walisema kwamba bara linaishia kwenye jabali, na mmoja akauliza kwa nini maji hayamwagiki kutoka Unguja kwenda kilindini. Lilikuwa swali la haki kwa mchoro niliompa.

Kwa hiyo weka kanuni moja: mteremko haupimwi kwenye mchoro, hupimwa kwenye takwimu. Chukua tofauti ya urefu kati ya sehemu mbili, igawe kwa umbali kati yao, zote zikiwa katika mita. Kutoka mji wa Moshi hadi kilele cha Kibo kuna umbali wa mlalo wa kilomita 30 hivi na tofauti ya urefu wa karibu mita 5,000. Hiyo ni 1 kwa 6, karibu digrii 9 na nusu kwa wastani. Ni zaidi ya maradufu ya mteremko wa wastani wa ukingo wa bara, jambo ambalo mchoro peke yake usingelionyesha kamwe.

Kuchora mkato

Anza kushoto. Kutoka Kibo hadi Tanga ni karibu kilomita 300, yaani sentimita 3. Kutoka Tanga mstari unashuka kwenye mkondo wa Pemba na kupanda tena kisiwani, na kwa kipimo hiki safari nzima haifiki sentimita moja, kwa hiyo chora unavyoweza na uiache, tutairudia mwishoni kwa kipimo kingine. Mashariki ya Pemba sakafu inashuka hadi kwenye bonde la Somalia, kati ya mita 4,000 na 5,000. Baada ya karibu kilomita 1,700 kutoka Pemba mstari unapanda ghafla kwenye kitako cha Shelisheli, yaani uwanda ulioinuka chini ya maji, ambako maji ni ya makumi ya mita tu na kisiwa cha Mahé kinainuka hadi mita 905. Unashuka tena, kisha karibu na longitudo ya digrii 68 mashariki unapanda mgongo wa kati wa Bahari ya Hindi, safu ya milima iliyo chini ya maji; vilele vya migongo ya namna yake huwa kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Mbele yake kuna kitako cha Chagos, kisha tambarare pana ya kilindi cha kati cha Bahari ya Hindi, kisha mgongo mnyoofu unaofuata longitudo ya digrii 90 kwa urefu wa karibu kilomita 5,000, na mwisho handaki, ambalo sehemu yake ya kina kikubwa zaidi, kusini mwa Java, hupita mita 7,000. Jumla ni karibu sentimita 75 za karatasi.

Soma kina kila baada ya nusu sentimita, yaani kila kilomita 50, na uongeze alama mahali ambapo sura inabadilika ghafla. Usiunganishe alama kwa mistari ya rula. Unganisha kwa mkono, ukiangalia ramani, kwa sababu rula hutengeneza vilele vyenye ncha visivyokuwepo.

Mkato ukishakamilika, fanya jambo moja kabla ya kuanza kulinganisha: hesabu ni sentimita ngapi za mstari zinalala katika kila ngazi ya mita 1,000. Utaona kwamba ngazi ya mita 4,000 hadi 5,000 chini ya bahari na zile zinazopakana nayo zimebeba sehemu kubwa ya mstari, na kwamba mita 1,000 na 2,000 chini ya bahari hazina kitu isipokuwa mistari inayopita kwa haraka kupanda au kushuka. Ukifanya hesabu hiyo kwa dunia nzima utapata vilima viwili vya takwimu, kimoja kati ya usawa wa bahari na mita 1,000 juu, kingine karibu na mita 4,000 hadi 5,000 chini, na pengo katikati. Wastani wa nchi kavu ni kiasi cha mita 840 na wastani wa bahari ni karibu mita 3,700.

Pengo hilo ndilo linalotuonyesha kwamba uso wa dunia una ngazi mbili, si moja iliyofunikwa maji nusu yake. Gamba, yaani tabaka la nje la miamba ya dunia, ni la aina mbili. Gamba la bara ni nene, kwa kawaida kilomita 35 hadi 40, na miamba yake ni myepesi, ya jamii ya graniti. Gamba la bahari ni jembamba, karibu kilomita 7, na miamba yake ni basalti nzito. Weka ndani ya beseni la maji gogo nene la mti mwepesi na ubao mwembamba wa mti mzito unaoelea: gogo litasimama juu na ubao utalala karibu na maji. Mabara na sakafu za bahari vinaelea juu ya tabaka la chini kwa namna hiyo hiyo. Ufuo haumo katika maelezo haya. Ufuo ni mahali maji yalipofika leo, na mpaka wa kweli uko nje zaidi, chini ya mteremko wa bara.

Kulinganisha jozi kwa jozi

Kwa kila jozi andika mambo manne: urefu au kina kutoka sifuri, upana, mteremko uliopigiwa hesabu, na chanzo chake. Chanzo ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu maumbile mawili yanaweza kufanana sura kama watoto pacha na yasiwe na asili moja.

Tuanze na ukingo wa bara, maana hapo ndipo sisi tunapoishi. Kuna sehemu ya bara iliyozama chini ya maji mafupi, ambayo darasani naiita kibaraza cha bara, kwa kuwa inakaa mbele ya bara kama kibaraza cha nyumba ya Mji Mkongwe: ni sehemu ya nyumba, ingawa iko nje ya mlango. Huinama kidogo sana, karibu 1 kwa 500, na kwa kawaida huishia kwenye kina cha mita 130 hivi, ambapo mteremko wa bara unaanza. Upande wa Siberia kibaraza hicho hufika upana wa kilomita 1,500. Kwetu ni chembamba, na sehemu yake iliyotanuka zaidi ni ile inayobeba Unguja na Mafia. Mvuvi wa Nungwi husema amefika kilindini maji yanapogeuka kuwa ya buluu nzito nje ya mwamba, na kwa kazi yake yuko sahihi, ila kwa kipimo cha dunia hapo bado yuko barazani au ndiyo kwanza ananyanyua mguu kushuka ngazi.

Takriban miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa karibu mita 120 kuliko leo. Rudi kwenye takwimu za mwanzo ujiulize: mkondo wa mita 50 ulikuwaje wakati huo? Ulikuwa nchi kavu, na mtu angeweza kutembea kutoka Bagamoyo hadi Jambiani. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama wasiovuka bahari kwa kuogelea. Mkondo wa mita 800 ulibaki bahari. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake na kima punju wake, ilhali Pemba haikuwa nao kwa asili, na kima punju waliomo katika msitu wa Ngezi walipelekwa na watu katika miaka ya 1970. Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingineko, naye ana mbawa.

Jozi ya pili ni mabonde ya ufa. Mkondo wa Pemba haukuchimbwa na mto. Gamba lilipasuka, kipande kikashuka kati ya mipasuko, na Pemba ikabaki imesimama upande wa pili. Linganisha na Ziwa Tanganyika, lililomo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya bahari na kina chake ni kama mita 1,470, kwa hiyo sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Weka tarakimu mbili pamoja, sakafu ya ziwa mita 700 chini ya sifuri na sakafu ya mkondo wetu mita 800 chini ya sifuri, moja iko ndani ya bara na nyingine iko Pemba, zote zimetokana na kupasuka kwa gamba, na moja ina maji matamu kwa sababu tu bahari haikupata njia ya kuifikia. Sijaona mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi namna hii kwamba maji hayabadilishi asili ya umbile. Ufa wa tatu uko kwenye mkato wako, katika mgongo wa kati wa bahari: migongo inayotanuka polepole huwa na bonde refu kileleni, mahali mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya gamba vinavyosogea, yanapoachana. Marie Tharp, mchoraramani wa Marekani, aliliona bonde hilo katika takwimu za mwangwi za Atlantiki mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akichora mikato kama huu unaouchora wewe, na mwanzoni mwenzake Bruce Heezen hakumwamini.

Milima inahitaji tahadhari zaidi. Mgongo wa bahari na safu ya Himalaya huonekana ndugu kwenye ramani ya rangi, lakini vyanzo vyao vinapingana. Himalaya imetokana na mabamba mawili kugongana na tabaka kukunjana, hata mwamba wa kilele cha Everest, kwenye mita 8,849, ni chokaa yenye mabaki ya viumbe vya baharini. Mgongo wa bahari umetokana na mabamba kuachana, na miamba iliyoyeyuka kupanda kujaza nafasi. Unasimama juu kwa sababu ni moto na umetanuka, na kadiri gamba linavyosogea mbali na mgongo ndivyo linavyopoa, linavyosinyaa na kushuka. Angalia mkato wako pande zote mbili za mgongo na utaona mteremko huo mrefu wa pole. Kwa urefu, Andes, safu ndefu kuliko zote nchi kavu, ina kilomita 7,000 hivi, na migongo ya bahari ikiunganishwa hufika karibu kilomita 65,000. Sehemu ya kaskazini ya mgongo wa bahari yetu huitwa Carlsberg, kwa jina la taasisi ya Denmark iliyogharimia msafara wa meli Dana mwaka 1928 hadi 1930.

Milima ya volkano ni jozi rahisi, kwa kuwa asili ni moja juu na chini ya maji. Mauna Kea wa Hawaii una mita 4,207 juu ya bahari, lakini ukipimwa kutoka kitako chake sakafuni hupita mita 10,000. Wangazija wana Karthala, mita 2,361, inayoonekana na kila mtu, na mwaka 2019 mashariki ya Mayotte, umbali wa kilomita 50 hivi, ikagunduliwa volkano mpya, baadaye ikaitwa Fani Maoré, iliyokuwa imeinuka kiasi cha mita 800 kutoka sakafu yenye kina cha mita 3,500. Hakuna aliyeiona ikizaliwa. Watu wa Mayotte walihisi matetemeko kwa miezi, na meli zilipopima kwa mwangwi zikakuta mlima mahali ambapo ramani ya zamani ilikuwa na tambarare.

Kuhusu tambarare zenyewe, jambo la kulinganisha ni nani anazifanya ziwe tambarare. Nchi kavu hunyolewa: mvua, mito na upepo hukata palipoinuka. Sakafu ya bahari huvikwa: matope ya mito na mabaki ya viumbe vidogo hushuka na kufukia vilima vya basalti mpaka visionekane. Tambarare za kilindini huwa na mwinamo chini ya 1 kwa 1,000, na bonde la mpunga la Cheju ukilitazama kwa rula ya aina hiyo lina mabonde na vilima. Katika bahari yetu sehemu kubwa ya udongo unaofanya kazi hiyo hutoka kwenye safu ya Himalaya tuliyoitaja juu, kwani mashapo ya mito Ganges na Brahmaputra yametandaza chini ya Ghuba ya Bengali feni, yaani tandiko la mashapo lenye umbo la upepeo, yenye urefu wa karibu kilomita 3,000.

Nyanda za juu nitazipita upesi. Kitako cha Shelisheli kinalingana na uwanda wa juu wa Tanzania bara kwa sababu vyote ni gamba la bara: graniti ya Mahé ina umri wa karibu miaka milioni 750, wakati gamba la bahari karibu lote duniani halizidi miaka milioni 200. Shelisheli ni kipande cha bara kilichoachwa katikati ya bahari India ilipojitenga kwenda kaskazini. Kitako cha Chagos kinafanana nacho kwa sura kwenye mkato, lakini chini ya matumbawe yake kuna volkano, si bara.

Lililobaki ni handaki, na hapa jozi haipo. Nchi kavu haina umbile linalolingana na handaki la bahari, kwa sababu linatokea mahali bamba la bahari linapoinama na kuzama chini ya bamba jingine. Lile la Mariana katika Pasifiki hushuka hadi karibu mita 10,900. Everest ukiwekwa ndani yake ungebakisha maji ya mita 2,000 juu ya kilele. Handaki lililo mwisho wa mkato wako ni sehemu ya mpaka ule ule wa mabamba ambao tarehe 26 Disemba 2004 ulitikisika mbele ya Sumatra kaskazini, ukasukuma mawimbi yaliyovuka bahari yote na kuua watu hadi pwani ya Tanzania. Sakafu tuliyoichora kwa sentimita 75 ndiyo njia mawimbi hayo yaliyopita. Katika nafasi ya jozi, andika tu kwamba haina, usilazimishe korongo au bonde likae hapo.

Mkato mdogo wa kwetu

Sasa rudi kwenye mkondo wa Pemba, uliofinywa katika mkato mkubwa. Chukua karatasi mpya, sentimita 1 iwe kilomita 5 kwa mlalo na mita 100 kwa wima, ili ukuzaji uwe mara 50, na uandike ukuzaji huo ukingoni mwa karatasi kabla ya kitu kingine. Kutoka Tanga hadi Wete ni kilomita 70 hivi, yaani sentimita 14. Kwenye pwani ya Tanga angalia makorongo yanayokata mteremko, ambamo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi waliotega jarife kwenye maji marefu walianza kumtoa silikanti, samaki ambaye kabla ya mwaka 1938 wataalamu walimjua kwa mabaki yake yaliyogeuka mawe tu. Mkondo wenyewe utashuka sentimita 8 chini ya sifuri. Chini ya mchoro huo, kwa vipimo vile vile, chora mkato wa kutoka Bagamoyo hadi mjini Unguja, kilomita 40 na kitu: sentimita 9 za mlalo, na kina kisichozidi nusu sentimita kwa sehemu kubwa. Kisha chora kwa penseli nyepesi, katika michoro yote miwili, mstari wa mita 120 chini ya sifuri, na upake rangi ya maji chini ya mstari huo peke yake.